Tukimfukuza mkorofi, wanaobaki darasani watamcheka nani?

Mzazi ambaye mtoto wake amerudi kutoka masomoni na daftari zilizochanwa hataki kusikia habari ya kukaa na kusemezana. Anataka aliyefanya hivyo afukuzwe, na afukuzwe leo. Hapa Lubumbashi prefe, yaani mkuu wa shule, anayekataa huonekana mlegevu, au watu hunong'ona kwamba baba wa yule mkorofi amempa kitu. Mara nyingi prefe huyo anasingiziwa.

Hasira ya mzazi si ya bure. Mtoto anayechekwa kwa viatu vyake, kwa kigugumizi chake au kwa kabila la baba yake huanza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Kisha anaacha kula, kisha alama zinashuka, na nyumbani anachapwa kwa uvivu. Kumwambia avumilie ni kumtupa. Na pale ambapo mtoto anapigwa ili atoe pesa, au anashikwa kwa nguvu, lazima watenganishwe siku hiyo hiyo. Hapo sibishani na mtu.

Ila uonevu mwingi hauko hivyo. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa hesabu kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi mmoja uliotangulia. Chukua darasa la watoto 60, ambalo kwenye mitaa yetu ya Katuba au Kenya halimshangazi mtu. Kama kwetu hali ni hiyo hiyo, walioonewa ni 20. Watoto 20 hawawezi kuwa kazi ya mkorofi mmoja. Kuna anayeanza, kuna wanaocheka, kuna anayechungulia mlangoni kama mwalimu anakuja, na kuna wengi wanaoangalia kando wakishukuru kwamba leo si zamu yao. Mfukuze yule wa kwanza: hao wengine wote watakuwepo kesho, na nafasi yake haitakaa wazi wiki mbili. Ufini walilitambua hilo. Mpango wao wa KiVa, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku na kusambazwa nchi nzima kuanzia 2009, unawashughulikia sana wale wanaotazama, kwa sababu mkorofi asiyekuwa na wa kumchekea hapati anachokitafuta.

Sasa watazamaji wetu wamejifunzia wapi kucheka? Nenda kwenye proklamasyo, siku ya kutangaza matokeo mwisho wa mwaka. Wazazi wamejaa uwanjani, majina yanasomwa kuanzia wa kwanza kwenda chini, asilimia zinatajwa kwa sauti, na aliyeanguka anasikia vicheko kabla hajamfikia mama yake. Au ingia darasani siku ya kudai minervali, yaani ada ya shule. Shule za msingi za serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari na shule za binafsi bado zinalipisha: orodha inasomwa, kila aliyetajwa anabeba mfuko wake na kutoka mbele ya wenzake. Wiki inayofuata mtoto wa miaka 12 akimcheka mwenzake kwa kutolipa, tunasema hana nidhamu.

Wapo wanaoitetea proklamasyo, na furaha ya mama anayecheza kwa sababu mwanawe amekuwa wa kwanza ni furaha ya kweli. Basi watajwe waliofaulu vizuri, na wengine wapewe buletini, karatasi ya alama zao, mkononi. Hilo halihitaji mfadhili.

Walimu nao wanauliza: tutakuwa wanasaikolojia saa ngapi? Swali la haki, kwa mtu mwenye darasa lililofurika na mshahara unaochelewa. Kituo cha Joseph Guislain kinatibu magonjwa ya akili, na familia nyingi hufika huko baada ya kuzunguka vyumba vya maombi; si mahali pa kumpeleka mtoto anayeogopa mapumziko ya saa nne. Wakati huo huo Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo kizima cha saikolojia na elimu. Mhitimu mmoja akigawanywa kwa shule tatu za mtaa mmoja, mzigo wa mwalimu utapungua, ingawa mshahara wake atautoa nani ni jambo ambalo serikali na kamati za wazazi bado hazijakaa kulijibu.

Na huyo aliyefukuzwa anaenda wapi? Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilichunguza sera za kufukuza bila msamaha na kusema mwaka 2008 kwamba hakuna ushahidi kuwa zilifanya shule ziwe salama zaidi. Kwetu, mwenye bahati hupokelewa na shule ya jirani inayotafuta minervali na isiyouliza maswali. Asiye na bahati anabeba mizigo sokoni au anashuka machimboni.

Prefe anayembakiza mkorofi asiishie hapo. Mzazi wa aliyeonewa ana haki ya kumdai mambo ya wazi: familia zote mbili ziitwe, makubaliano yaandikwe, mwalimu mmoja atajwe ambaye mtoto anaweza kumwendea saa yoyote, na baada ya wiki mbili waitwe tena waone kama vicheko vimekwisha.