Foili tunaiogopa, sufuria ya vyuma chakavu hatuiulizi

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka WhatsApp: usioke samaki kwenye foili, alumini inaleta ugonjwa wa kusahau. Kwamba alumini huingia kwenye chakula, ni kweli. Kinachoilinda ni utando mwembamba wa oksidi, nao haustahimili asidi na chumvi. Pika mchuzi wa ukwaju au nyanya nyingi kwenye sufuria iliyoanza kuwa nyeusi ndani. Ukiiosha utakuta pale mchuzi ulipofika pametakata, juu yake weusi uko palepale. Kilichobanduka kimeliwa.

Habari ya kusahau haijathibitishwa. Alumini inayomezwa, chini ya asilimia 1 ndiyo huingia kwenye damu, na figo zenye afya huitoa. (Mwenye figo mbovu ana sababu ya kujihadhari.) Mwaka 2011 wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, waliweka kikomo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, yaani miligramu 140 kwa mtu wa kilo 70. Samaki wa foili wa mara mojamoja hanitishi.

Kinachonitisha ni sufuria za kusubu, zile nzito zitokanazo na injini na redieta zilizoyeyushwa. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya vyombo 42 vya aina hiyo kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Zaidi ya theluthi vilitoa madini ya risasi, ambayo hayana kiwango salama kinachojulikana na huharibu ubongo wa mtoto.

Mtetezi wa mafundi atasema vyombo vile vilichemshiwa asidi ya siki kwa saa 2, na hakuna apikaye ugali hivyo. Sawa, ila maharage ya nyanya hukaa motoni muda huohuo, na mtoto huyala wiki nzima. Fundi mwenyewe hana hila. Hana tu kifaa cha kumwonyesha kilichomo kwenye chuma anachonunua kwa kilo. Ukimfungia karakana, mama ntilie atakosa sufuria anayoimudu. Afadhali redieta na vipande vyenye lehemu, ambayo mara nyingi huwa na risasi, vitengwe kabla ya tanuri. Watafiti walewale walijaribu pia kupaka utando ndani ya sufuria, na metali zilizotoka zikapungua kwa zaidi ya asilimia 98.

Nyumbani, chenye ndimu au ukwaju kipikie kwenye chuma cha pua (stili isiyoshika kutu), wala kisilale ndani ya alumini. Na kule kusugua kwa mchanga mpaka sufuria ing'ae, tupunguze: tunakwangua utando uleule wa oksidi unaoikinga.