Kadi 84 na Ubishi wa Picha

Wapenzi wa michezo ya ubao wana lawama moja isiyochakaa: siku hizi tunauziwa picha. Boksi linang'aa, ubao umenakshiwa, kadi zimechorwa utadhani ni za kutundikwa ukutani, lakini mkishaketi kucheza mnakutana na kanuni zile zile za kukusanya hiki ili upate kile. Wahenga waliisema lawama hiyo kwa ufupi kuliko wakosoaji wa leo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Si lawama ya bure, na ina mashahidi wazito. Kinachonisumbua ni dhana iliyo chini yake, kwamba mchezo ni kanuni, na kwamba mchoraji huitwa mwishoni, kazi ikiwa imekwisha, aje apake rangi.

Tuanze na mashahidi. Wa kwanza ni Terraforming Mars, mchezo wa mwaka 2016 uliobuniwa na Jacob Fryxelius wa Sweden. Picha za kadi zake hazipatani hata kidogo: hii mchoro, ile fotografia, nyingine kama imekatwa kutoka kitabu cha sayansi. Ulipotoka ulisemwa sana kwa sura yake. Wachezaji wakaupenda na sura hiyo hiyo, na mpaka leo unahesabiwa miongoni mwa michezo mikubwa ya kizazi chake. Kama picha ingekuwa uti wa mgongo wa mchezo, huu usingesimama.

Shahidi wa pili ni sataranji. Kabla ya katikati ya karne ya 19 kete zake zilichongwa kwa mitindo mingi, mingine ya kupendeza mno, na mtu aliyezoea seti moja aliweza kupotea kabisa mbele ya nyingine, asijue yupi mfalme na yupi malkia. Mwaka 1849 Nathaniel Cooke alisajili Uingereza umbo jipya, likaanza kuuzwa na kampuni ya Jaques ya London likiwa na jina la mchezaji mashuhuri, Howard Staunton. Kete hizo zina mistari michache, ni nzito chini, na kila moja inatambulika mara tu jicho linapoiangukia. Ndizo za mashindano hadi sasa. Nakshi zilishindwa na usomekaji. (Ingawa hata humo urembo haukufukuzwa wote: farasi wa Staunton ndiye kete ngumu kuliko zote kuchonga, na ubora wa seti hupimwa kwa farasi wake.)

Wa tatu ni soko lenyewe. Michezo mingi sasa huchangiwa fedha mtandaoni, kwenye Kickstarter na kwingineko, muda mrefu kabla boksi halijafika mkononi mwa mtu. Mchangiaji hawezi kuucheza mchezo ambao haujachapwa. Anachoweza ni kuutazama. Kwa hiyo kanuni nzuri yenye picha duni hupitwa bila kusomwa, na kanuni legelege iliyopata mchoraji hodari hujaza kapu. Kizuri chajiuza, na kinajiuza hata pale ambapo kingestahili kwanza kuulizwa maswali. Sina la kupinga hapo. Anayesema picha zimekuwa chambo anaeleza jambo linalotokea kweli.

Lakini chambo ni matumizi ya picha, tena ni matumizi yake ya nje ya meza. Meza ndiyo inayosahauliwa katika ubishi huu.

Chukua Dixit, uliotoka Ufaransa mwaka 2008. Aliyeubuni ni Jean-Louis Roubira, aliyechora ni Marie Cardouat, na mwaka 2010 ulipata Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani inayoheshimiwa kuliko zote katika uwanja huu. Kanuni zake unamweleza mtoto kwa dakika chache. Kila mtu ana kadi 6 zenye picha tupu, bila neno wala namba. Mwenye zamu huchagua kadi yake moja kimyakimya, kisha hutamka neno, methali, sauti, chochote kile. Wengine hutoa kila mmoja kadi yake anayoona inakaribiana na maneno hayo. Kadi zinachanganywa, zinafunuliwa, watu wanakisia ipi ni ya msimulizi. Wakiipata wote, msimulizi hapati kitu. Wasipoipata hata mmoja, hapati kitu vilevile. Hupata alama pale tu wengine wanapomwelewa na wengine wasimwelewe.

Sasa fikiria kanuni hizo hizo zikipewa picha za kawaida: kiti, kikombe, mti, kila kimoja peke yake juu ya karatasi nyeupe. Ukisema "kivuli", wote wanaona mti. Mchezo umekufa papo hapo na hakuna kanuni iliyobadilishwa. Dixit inahitaji picha zinazosema mengi bila kumaliza, ambapo watoto wanaweza kuonekana wanacheza au wanatoroka, ambapo nyumba inaweza kuwa makazi au mtego. Ule uwazi wa tafsiri ambao kanuni inautaka umo katika mkono wa mchoraji, hauna mahali pengine pa kukaa.

Na hapa inakuja namba ninayoipenda: 84. Ndizo kadi zilizomo ndani ya boksi la Dixit. Wakicheza watu 4, kila raundi inakula kadi 4, kwa hiyo zote zikitumika ni raundi 21 tu. Kundi linalokutana mara kwa mara litakuwa limeziona picha zote mapema sana. Baada ya hapo hutokea jambo ambalo kila aliyecheza kwa muda analijua. Kuna kadi ambayo fulani aliitolea msemo mzuri siku moja, watu wakacheka. Tangu siku hiyo kadi hiyo ikitokea, wote wanakumbuka msemo ule, na hakuna tena awezaye kuitumia kwa jambo jipya. Kadi imekwisha maneno. Nyingine nayo inakwisha, na nyingine, mpaka boksi zima linakuwa albamu ya vichekesho vya zamani. Kanuni zimebaki vilevile, sahihi na safi kama siku ya kwanza, na hazimsaidii mtu.

Dawa yake ni nini? Boksi jingine lenye kadi 84 mpya. Nyongeza za Dixit zimekuja moja baada ya nyingine, na kinachofanya mchezo ufufuke ni picha mpya. Waliozichora ni watu tofauti: Xavier Collette alichora Journey, Clément Lefèvre akachora Origins, Franck Dion akachora Daydreams. Kila mchoraji anaubadilisha mchezo: mmoja ana giza na upweke, mwingine ana mzaha, na misemo inayotoka mezani inafuata mkono wake. Watu wanalipa tena, bila kunung'unika, kwa kitu ambacho tunaambiwa ni pambo. Naomba mwenye dhana ya pambo anieleze walichonunua. Kilichokuwa kimechakaa ni picha, kwa sababu picha ndizo zilizokuwa zikichezwa.

Nitajibiwa kwamba nimechagua mfano rahisi: mchezo wa kutazama picha lazima utegemee picha. Ni kweli. Basi tuchukue ulio mgumu kwangu, Wingspan wa mwaka 2019, uliobuniwa na Elizabeth Hargrave. Huu ni mchezo wa hesabu: chakula, mayai, kadi, alama. Boksi la msingi lina kadi 170 za ndege, hakuna wawili wanaofanana, na ndege hao walichorwa na Natalia Rojas na Ana Maria Martinez Jaramillo. Ungeweza kuzifuta picha zote 170 na kila kanuni ikaendelea kufanya kazi. Mkosoaji angepumua: hili ndilo pambo lenyewe.

Lakini hebu jaribu kuucheza bila picha. Kuna kadi inayosema: fungua kadi ya juu ya rundo, ikiwa urefu wa mabawa haufiki sentimita 75, iweke chini ya kadi hii, ukifika, itupe. Iseme hivyo kama namba tupu na mchezaji mgeni ataisahau kabla zamu haijamrudia. Lakini kadi hiyo ni ya kozi. Kozi anakamata ndege mdogo, anamshindwa mkubwa. Ukishaliona domo lililopinda hurudi tena kusoma maandishi, na tai anapotokea na kikomo chake cha juu zaidi, hushangai. Picha imebeba kanuni kwa niaba ya kumbukumbu. Mchezo wenye athari za namna hiyo kwa makumi, kila ndege na tabia yake, ungekuwa mtihani. Kwa picha umekuwa kitu ambacho familia zinakicheza. Tuzo ya Kennerspiel des Jahres ya mwaka 2019, dada ya Spiel des Jahres kwa michezo migumu kidogo, ilikwenda kwake, na sidhani kama hesabu peke yake ingewafikisha wachezaji wageni hadi raundi ya pili.

Tena mpangilio wa kazi si lazima uwe ule tunaoudhania, kanuni kwanza na brashi baadaye. Katika Scythe, uliochangiwa zaidi ya dola milioni 1.8 kwenye Kickstarter mwaka 2015, picha zilitangulia. Jakub Różalski wa Poland alikuwa anachora Ulaya ya kubuni ya miaka ya 1920: wakulima wanavuna mbele, na nyuma yao, ndani ya ukungu, mitambo mikubwa ya vita. Jamey Stegmaier aliziona, akajenga mchezo kutokana nazo. Kanuni zake zinaonyesha zilikotoka. Mapigano ni machache kuliko vitisho vya mapigano, na ukivamia eneo ukawafukuza wakulima wa mwenzako, unashuka kwenye kipimo cha kupendwa na watu, hatua moja kwa kila mkulima. Sheria hiyo ni mchoro ule ule, ukiwa umetafsiriwa kuwa gharama.

Wala biashara hii haikuzaliwa mbali na wachoraji. Milton Bradley, ambaye jina lake lilitawala michezo ya Marekani kwa zaidi ya karne moja, alikuwa mpiga chapa wa picha. Mwaka 1860 alichapa picha ya Abraham Lincoln asiye na ndevu. Lincoln akafuga ndevu, picha zikakosa wanunuzi, na mtambo wa Bradley ukageukia mchezo wa ubao.

Sehemu kubwa ya malalamiko ya haki, nikiyachunguza, naona yamepelekwa kwa mtu asiyehusika. Kuna mchoraji, na kuna msanifu wa mpangilio, yule anayeamua namba ikae wapi, herufi ziwe na ukubwa gani, rangi ipi imwakilishe nani. Everdell wa mwaka 2018 una michoro ya Andrew Bosley ambayo sijasikia mtu akiilaumu. Unaolaumiwa ni mti wa kadibodi unaosimama kichwani pa ubao na kadi zikiwekwa juu yake, ambazo walioketi upande usiofaa hawazioni vizuri. Hilo ni kosa la mpangilio. Kadhalika rangi. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu 1 kati ya 12 ana upofu wa rangi wa namna fulani. Meza ya wanaume 4 wa aina hiyo ina uwezekano wa zaidi ya robo wa kuwa na angalau mmoja. Ticket to Ride ya mwaka 2004 ilikuwa na jibu: kila rangi ya kadi ina alama yake, na alama hiyo imerudiwa kwenye njia za reli ubaoni. Haikubidi mtu achore kidogo. Ilibidi afikirie zaidi.

Nasisitiza tofauti hiyo kwa sababu dhana ya pambo ina bei, na wanaoilipa ni wachoraji. Mwaka 1988, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea ya Nuremberg, kundi la wabunifu wa michezo lilitia saini azimio juu ya kadibodi ya kuwekea glasi ya bia: hakuna atakayempa mchapishaji mchezo kama jina la mbunifu halitachapwa kwenye boksi. Wakashinda, na leo jina la mbunifu ni jambo la kawaida. Majina ya wachoraji yameanza kuonekana karibu nao, lakini malipo hayajafuata. Kwa kawaida mbunifu hupata asilimia ya mauzo. Mchoraji mara nyingi hulipwa mkupuo mmoja na hesabu kufungwa, boksi liuze elfu moja au milioni. Na mwaka 2023, kampeni ya nyongeza za Terraforming Mars iliyokiri kutumia akili mnemba kwenye baadhi ya picha ilikusanya zaidi ya dola milioni 2. Ukiamini kwamba picha ni rangi ya mwisho, hatua hiyo ina mantiki kabisa.

Wachapishaji wana utetezi wao. Mchoraji anayelipwa mkupuo hupata fedha yake hata mchezo ukianguka, ilhali mbunifu hubeba hasara pamoja nao, na mchapishaji mdogo hawezi kugawa asilimia kwa kila mtu. Kwa mchezo wa sura ya Terraforming Mars utetezi huo unatosha. Kwa mchezo ambao kinachouzwa upya kila mara ni picha, hautoshi. Vitabu vya picha vya watoto vilishalipatia jambo hili utaratibu: mwandishi na mchoraji hugawana asilimia ya mauzo, mara nyingi nusu kwa nusu, baada ya malipo ya awali kwa kila mmoja. Michezo ya aina ya Dixit iko karibu na vitabu hivyo kuliko ilivyo karibu na sataranji, na mikataba yake ingeanzia hapo.