Kinacholainika ni spika au sikio?

Nunua hom thieta, ifikishe nyumbani, kisha mpigie muuzaji kumlalamikia kwamba besi ni kavu na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inachoma masikio. Jibu analo tayari: "Mpya hiyo bosi, ipige kwanza, itafunguka." Mmoja atakuambia saa 20, mwingine 50, mwingine 100. Hata baadhi ya watengenezaji huandika ushauri kama huo kwenye vitabu vyao vya maelekezo, kwa hiyo si porojo za dukani tu.

Na hoja wanayo. Karatasi ya spika imeshikwa na mpira unaoizunguka ukingoni na, kwa nyuma karibu na sumaku, kitambaa chenye mikunjo kilichokaushwa kwa gundi. Vikiwa vipya huwa vigumu. Besi nzito ikipita mara za kwanza, kitambaa hujiachia na mpira hulegea, kama mpira wa manati uliokwisha kuvutwa mara kadhaa. Mwenye kipimo ataliona hilo: masafa ambayo karatasi hutikisika kwa urahisi kuliko yote hushuka, tuseme kutoka Hz 44, yaani mitikisiko 44 kwa sekunde, hadi 40. Anayedai hakuna kinachobadilika amekosea.

Ila sehemu kubwa ya badiliko hilo huja mapema, katika dakika na saa za mwanzo, na baadhi yake hurudi nyuma spika ikipumzika. Wapo wanaoifananisha na ngoma inayooteshwa moto kabla ya kupigwa. Mfano wenyewe unawageuka: moto hukaza ngozi badala ya kuilegeza, na ikipoa inabidi ioteshwe tena.

Tena, hiyo 44 na 40 ni ya spika tupu iliyo mezani. Ukiifunga ndani ya boksi, hewa iliyobanwa humo inakuwa springi ya pili, juu ya ile ya mpira na kitambaa, na kwenye boksi dogo lililozibwa mara nyingi ndiyo ngumu zaidi. Ukilegeza springi dhaifu na kuiacha ile ngumu kama ilivyo, sauti itabadilika kidogo mno. Sabufa yenye tundu nayo, mlio wa tundu huamuliwa na ukubwa wa boksi pamoja na urefu na upana wa bomba. Bomba la plastiki litazoea nini? Twita ndiyo kabisa, maana mwendo wake hata jicho halioni.

Mbona basi watu wengi, wakweli kabisa, huapa kwamba spika zao zilinoga baada ya mwezi? Naamini walisikia walichosikia. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa sauti waliokuwa wakifanya kazi Harman, kampuni ya vifaa vya sauti huko Marekani, waliwasikilizisha watu spika zilezile, mara zikiwa wazi, mara zikiwa zimefichwa. Alama zilibadilika kwa kuziona tu. Mtu aliyeahidiwa kwamba sauti itafunguka, na ambaye kila jioni anazidi kuizoea, atasikia imefunguka. Kwa kumbukumbu tu, hawezi kulinganisha leo na wiki nne zilizopita.

Sebule, kwa upande wake, hailainiki. Chumba cha mita 4 chenye kuta za saruji na sakafu ya vigae huirudisha besi ya karibu Hz 43 huku na huku, ikanguruma ukutani na kufifia katikati. Kusogeza kochi nusu mita au kutandika zulia kunaweza kukupa tofauti kubwa kuliko saa 100 za muziki.

Kinachonikera zaidi ni hesabu. Anayesikiliza saa 3 kwa siku atazimaliza saa 100 siku ya 34. Duka likikupa siku 7 za kurudisha mali, ushauri wa "subiri" umemnufaisha nani? Nyumbani kwangu spika mpya hupewa jioni moja au mbili za nyimbo zenye besi, kwa sauti ya kawaida. Kuiacha ikesha sauti ikiwa juu kabisa ni njia ya kuunguza koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi. Baada ya hapo naihukumu. Ikiwa inakwaruza, huenda koili inasugua sumaku, na huo si ugeni. Inarudi dukani na risiti yake, ndani ya boksi lake, kesho yake asubuhi.