Rangi Nyekundu ya Brize Norton na Serikali Iliyoaibika

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Juni 2025, watu wawili waliingia katika kambi ya jeshi la anga la Uingereza huko Brize Norton, Oxfordshire, wakiwa wamepanda trotineti za umeme. Wakazifikia ndege mbili aina ya Voyager, wakapuliza rangi nyekundu ndani ya injini kwa mitungi ya kuzimia moto, wakapiga na mitaimbo, kisha wakaondoka zao. Hakuna aliyewakamata usiku ule. Video waliyoichapisha ilizunguka hata kwenye simu za hapa Goma, na utani ukawa mmoja: kumbe wazungu nao wana chukudu, ile trotineti yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ila yao haibebi makaa.

Nami nilicheka, sikatai. Mtu wa mji huu amefundishwa tangu utoto kwamba ukifika karibu na kambi ya askari unavuka barabara, simu inabaki mfukoni, na macho yanaangalia mbele. Leo unaambiwa kwamba kambi kubwa kuliko zote za jeshi la anga la nchi yenye silaha za nyuklia imeingiliwa na watu waliosimama juu ya vigurudumu viwili. Utaacha kucheka?

Kilichofuata hakikuchekesha. Tarehe 23 Juni, waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Yvette Cooper, alitangaza kwamba kikundi kilichofanya kazi hiyo, Palestine Action, kinachotetea Wapalestina, kitapigwa marufuku kwa sheria ya ugaidi ya mwaka 2000. Bunge likapiga kura tarehe 2 Julai: 385 wakakubali, 26 wakakataa. Kuanzia tarehe 5 Julai mwaka huo, kuwa mwanachama wa kikundi hicho au kuomba watu wakiunge mkono kungeweza kukupeleka jela hadi miaka 14. Kutoka kwenye rangi hadi kwenye ugaidi, majuma mawili tu.

Nina jambo moja la kusema juu ya haya yote. Serikali ikiaibishwa mbele ya watu wake, hutafuta adhabu inayolingana na aibu yake, haitafuti inayolingana na kosa. Sisi wa Kivu tumeliona hilo mara nyingi mno, ndiyo maana nashangaa kuona baadhi ya wenzangu hapa wakipiga makofi, eti wazungu wameonyesha jinsi ya kulinda nchi.

Tuangalie kosa lenyewe. Waendesha mashtaka wanasema hasara ilifika pauni milioni 7. Hizo ni pesa nyingi, na injini ya ndege si ukuta wa shule wa kuchezea rangi. Waliofanya hivyo walijua wanavunja sheria, na nadhani walijua pia kwamba watafikishwa mahakamani. Haya, walishtakiwa kwa kosa gani? Kula njama ya kuharibu mali, na kula njama ya kuingia mahali palipokatazwa kwa nia ya kudhuru usalama au maslahi ya nchi. Makosa hayo yalikuwepo kwenye vitabu kabla ya trotineti kugusa lami ya Brize Norton. Hakimu hakuhitaji silaha mpya.

Silaha mpya ikatumika kwa nani, basi? Tarehe 9 Agosti 2025, mbele ya bunge la London, polisi walikamata watu zaidi ya 500 kwa siku moja. Karibu wote walikuwa wameketi chini wakishika karatasi zilizoandikwa kwa mkono kwamba wanapinga mauaji ya kimbari na wanaunga mkono Palestine Action. Karibu nusu yao walikuwa na miaka 60 au zaidi. Mwezi mmoja kabla, siku ileile marufuku ilipoanza, alikuwa amekamatwa kasisi mstaafu wa Kianglikana, mwanamke wa miaka 83. Kwa hiyo anayetuhumiwa kuingia kambini anashtakiwa kwa kuharibu mali, na bibi aliyeketi na karatasi anashikwa kwa sheria ya magaidi. Anielezee mwenye akili kunizidi.

Halafu kuna ujanja wa bungeni ambao sikuusoma sana kwenye magazeti yetu. Amri iliyopelekwa kwa wabunge haikuwa na jina la Palestine Action peke yake. Ilifungwa pamoja na majina mawili mengine: Maniacs Murder Cult, ambao ni Wanazi wapya wanaosifia mauaji, na Russian Imperial Movement. Mbunge alipaswa kukubali yote matatu au kukataa yote matatu. Nani atasimama mbele ya wapiga kura wake aseme alikataa kuwapiga marufuku Wanazi? Wanasiasa wetu wa Kinshasa wanaosifiwa kwa hila wakajifunze huko.

Na sababu ya walioingia kambini, je? Walisema kutoka Brize Norton ndege za Uingereza huenda kila mara Akrotiri, kambi ya Waingereza iliyoko Kupro, na kwamba kutoka Akrotiri zinaruka ndege za upelelezi juu ya Gaza. Serikali yenyewe ilishatangaza mwishoni mwa 2023 kwamba inafanya safari za upelelezi juu ya Gaza, ikisema zinatafuta mateka. Hapo ndipo palikuwa na mjadala wa kweli: picha zinazopigwa huko zinampa nani taarifa gani? Baada ya rangi nyekundu, mjadala huo ukasukumwa pembeni, na nchi nzima ikaanza kubishana kama bibi fulani ni gaidi.

Waingereza wenyewe wanajua kwamba mambo haya yanaweza kwenda njia nyingine. Januari 1996, wanawake waliingia kwenye kiwanja cha British Aerospace huko Warton na kuiponda kwa nyundo ndege ya kivita aina ya Hawk iliyokuwa ikingoja kupelekwa Indonesia. Hawakukimbia. Mahakamani walisema waliiharibu ili isitumike kuua watu wa Timor Mashariki, ambako jeshi la Indonesia lilikuwa limejikita tangu 1975. Julai mwaka huohuo, wazee wa baraza la mahakama ya Liverpool waliwaachia huru, wanawake wote wanne wa kesi ile. Raia 12 wa kawaida walisikiliza pande zote mbili, wakaamua. Hakuna waziri aliyewaamulia mapema kwamba anayewaonea huruma ni mhalifu.

Sasa nirudi nyumbani, maana najua mtakachoniambia: wewe unaongea hivi kwa sababu ni mbali. Tarehe 25 Julai 2022, watu wa Goma waliingia kwenye kambi za MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Hasira haikutoka hewani. Mwezi mmoja kabla, mkuu wa MONUSCO, Bintou Keita, alikuwa ameliambia Baraza la Usalama kwamba wapiganaji wa kundi la M23 wanapigana kama jeshi kamili na wanaweza kuuzidi uwezo wa walinda amani. Tarehe 15 Julai rais wa seneti, Modeste Bahati, alisimama hapahapa mjini akaitaka MONUSCO ifungashe. Watu wakamchukulia kwa neno lake. Waliingia, wakavunja, wakabeba viti na magodoro, na maandamano yakasambaa hadi Butembo na Uvira. Yalipotulia, serikali ilihesabu waliokufa 36, wanne kati yao wakiwa watu wa Umoja wa Mataifa.

Hao 36 ndio wananizuia kumshangilia yeyote anayeruka uzio wa jeshi. Kule Brize Norton walinzi hawakuona kitu. Wangeona, wangepiga risasi, na leo tungekuwa tunaandika makala nyingine. Ndani ya kambi kuna vijana wenye bunduki na hofu. Anayeingia usiku anacheza na roho yake, na ya askari pia. Mtindo wa Lucha, vuguvugu la vijana lililozaliwa hapa Goma mwaka 2012, wa kuketi barabarani mchana kweupe mpaka wabebwe kupelekwa gereza la Munzenze, ndio ninaouheshimu zaidi. Askari anakuona, mama muuza ndizi anakuona, na atakayekuumiza ataonekana.

Lakini angalia jinsi mamlaka zilivyojibu mwaka ule wa 2022. Umoja wa Mataifa huko New York ulikumbusha haraka kwamba kuwashambulia walinda amani kunaweza kuwa uhalifu wa kivita. Kinshasa, nayo ikitafuta wa kumbebesha lawama, mwanzoni mwa Agosti ilimtaka msemaji wa MONUSCO, Mathias Gillmann, aondoke nchini. Swali lililotokana na maneno ya Keita, kwamba nani basi atawazuia M23 kama walinda amani hawawezi, lilibaki pale lilipoachwa. Januari 2025, M23 walipoingia mjini, tulipata jibu lake, na siku hizi kuna mambo ya mji huu ambayo siandiki. Wasomaji wangu wa hapa wanaelewa.

Aibu ya mwaka 2022 ililipwa mwaka uliofuata. Tarehe 30 Agosti 2023, waumini wa dhehebu moja walikuwa wakijiandaa kuandamana tena dhidi ya MONUSCO. Hawakuwa wamefika kwenye uzio wowote. Asubuhi na mapema walinzi wa rais waliwafuata walipokuwa, na watu zaidi ya 50 wakauawa. Kanali Mike Mikombe, mkuu wa walinzi hao hapa Goma, alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi Oktoba mwaka huo. Sisemi London ni Goma. Mtu aliyeketi mbele ya bunge lao alishikwa, kisha akarudi nyumbani kunywa chai. Ninachosema ni kwamba wale waliouawa walihukumiwa kwa uzio ambao wenzao walikuwa wameuvunja mwaka mmoja kabla, na mwenye bango wa London anashtakiwa kwa uzio ambao hakuukaribia.

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, amenipinga kwenye simu kwa hoja ambayo wengi mnaikubali: je, wangekuwa wamebeba bomu badala ya rangi? Hilo ni swali la maana, kaka, na anayestahili kuulizwa ni mkuu wa ulinzi wa Brize Norton, pamoja na waziri wa ulinzi John Healey aliyeagiza usalama wa kambi zote upitiwe upya. Waulizwe hadharani, bungeni, kwa saa nyingi. Mimi nimemuuliza mwanasheria wangu nani kati ya hao wawili amelala kituo cha polisi kwa ajili ya usiku ule, naye akabadilisha mazungumzo.