Wimbo wa msiba nao uandikwe kwenye daftari

Msiba wa taifa ukitangazwa, vijana wa muziki hapa Kigoma hawalali. Prodyuza anatafuta biti ya taratibu, wasanii wanne watano wanagawana vesi, kiitikio anapewa mwenye sauti ya huzuni, na kabla matanga hayajaanuliwa wimbo umeshafika kwenye simu za watu. Wapo wanaoshukuru, wapo wanaosonya. Mimi nimewahi kuwa pande zote mbili.

Ujiji kuna wazee ambao kwao hili halina mjadala: msiba ukiingia ngoma inasimama, kinachosikika ni dua na kisomo. Nawaheshimu. Lakini mkoa huu huu una kwaya ambazo kuimba ndiyo namna yao ya kulia. Mwanakwaya ukimnyamazisha siku ya maziko umemnyima machozi. Kwa hiyo sitarajii tukubaliane kama inafaa kuimba au haifai. Linaloniuma ni kinachoimbwa, na fedha zinakokwenda.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao ni 228. Sisi wa Ziwa Tanganyika, tunaopanda boti za Kagunga na Kalya maji yakiwa yamekaribia ukingo, hesabu hiyo hatuhitaji kufafanuliwa. Ila sikiliza nyimbo za aina hii: kazi ya Mungu haina makosa, kisha pole kwa viongozi, mmoja mmoja kwa cheo chake. Marehemu wanabaki kuwa "ndugu zetu" tu. Kujaza watu kupita kiasi hakutajwi.

Wasanii wana hoja, na ni nzito. Siku ya pili ya msiba si siku ya kunyoosheana vidole. Mfiwa anataka mtu wa kukaa naye mkekani, hataki hotuba. Isitoshe, wimbo wa lawama huenda redio isiuguse, na kazi yote ikaishia studio.

Nakubali, lakini nusu tu. Maneno ya pole huisha watu wakitawanyika, wimbo hubaki. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ya Reli ya Kati, reli yetu hii hii, ilirudi nyuma mteremkoni huko Igandu, Dodoma, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima, na anapanda treni kutoka stesheni ya Kigoma bila kujua kilichotokea. Ripoti hakuna atakayemsomea. Wimbo ungemfikia akiwa jikoni, akiwa kwenye bodaboda, popote. Ubeti mmoja tu unaosema ilikuwaje usingemtukana mtu, na ungeweza kutolewa hata baada ya arobaini.

Kuhusu fedha, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kazi yake, na sina ugomvi nayo. Wasanii husema pia kwamba studio inalipwa, mpiga picha analipwa, na mara nyingi hawapati kitu. Sawa. Lakini kuna kipato kisichokuja kwa shilingi: jina, na mialiko inayofuata. Na wakitaka kushirikiana wanaweza. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu waliungana wakaitwa Kigoma All Stars.

Kwenye misiba yetu kuna daftari. Aliyetoa elfu mbili anaandikwa, aliyetoa gunia la mihogo anaandikwa, na mwishoni linasomwa wote wakisikia. Hakuna anayeona hilo ni kudhalilishwa. Kama wimbo ni rambirambi, kama wasanii wenyewe wanavyouita, basi nao uingie humo: umeingiza kiasi gani, kimepelekwa kwa nani, nani shahidi. Ukiwa umeingiza sifuri, iandikwe sifuri, na msanii asisemwe vibaya.

Na zile picha za kinamama waliozimia gatini ziondolewe kwenye video. Hakuna aliyewaomba ruhusa.