Ondoeni sigara kwenye bango la saratani ya mapafu

Ukitafuta picha ya tangazo la uchunguzi wa saratani ya mapafu, hazina za picha za mtandaoni zitakuletea sigara inayowaka, kisahani kilichojaa vipisi na pafu jeusi tii. Zote tatu ziacheni. Fikirieni nani anaitwa. Mwongozo wa Marekani wa 2021, kwa mfano, unawalenga watu wa miaka 50 hadi 80 waliovuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, na ambao bado wanavuta au waliacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Hao wamelaumiwa vya kutosha. Wakiona sigara katikati ya bango, wanahisi wanaitwa kusomewa mashtaka, na aliyeacha miaka kumi iliyopita anaona halimhusu kabisa.

Weka mtu. Awe na umri unaolengwa, wala si kijana aliyepakwa mvi, na aonekane mzima. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaweka mzee anayekohoa huku ameshika kifua. Uchunguzi huu ni wa watu wasio na dalili. Anayekohoa damu anatakiwa amwone daktari sasa hivi, na picha ile inamfundisha kusubiri zamu ya uchunguzi. Papo hapo inamwambia asiyekohoa kwamba yeye yuko salama.

Kosa jingine ni picha ya eksirei ya kifua. Inapendeza na kila mtu anaitambua, lakini kipimo chenyewe sicho hicho. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2011, wenye washiriki zaidi ya 53,000, ulilinganisha eksirei na CT ya mionzi kidogo, yaani mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, na kundi la CT ndilo lililopata vifo vya saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 20. Ukiweka eksirei, unatangaza kipimo kilichoshindwa, na aliyewahi kupigwa eksirei atadhani ameshapimwa.

Mashine nayo ichunguzwe kwa makini, kwa sababu hazina za picha huchanganya CT na MRI, mashine nyingine ya kupiga picha za mwili inayotumia sumaku, ovyo. CT ni pete nene, fupi. Mtu akilala ndani yake, kichwa au miguu huonekana upande wa pili. MRI ni shimo refu linalommeza mtu. Ukiona fremu ya plastiki imefungwa kifuani, au vifaa vikubwa vya kuzibia masikio, hiyo ni MRI, iache. Anayeogopa kufungiwa hatakuja akiiona. Picha sahihi inaonyesha mtu amelala chali, mikono imeinuliwa juu ya kichwa, bila sindano wala mrija mkononi, maana kipimo hiki hakihitaji dawa ya kuchoma. Msanifu asiikate mikono ile ili kupata nafasi ya maandishi: ndiyo inayomwonyesha mtu atakavyolala kwa sekunde chache akiwa amebana pumzi.

Picha ya pafu lenye doa kubwa jeupe lililozungushiwa duara jekundu nayo hupotosha. Katika utafiti uleule, zaidi ya asilimia 95 ya majibu ya CT yaliyotiliwa shaka hayakuwa saratani. Mtu aliyelikariri doa la bangoni akiambiwa ana kinundu kidogo cha kufuatiliwa kwenye pafu, anarudi nyumbani akijihesabu marehemu.

Kabla ya kuchapisha, waonyeshe watu wanane au kumi wa umri huo picha peke yake, bila maneno, kwa sekunde tano. Usiwaulize kama wameipenda, watakuridhisha tu. Waulize inahusu nini, inamwita nani, na huyo mtu anaumwa au haumwi. Wawili wakijibu kwamba anaumwa, badilisha.

Na idhini ya anayepigwa picha iandikwe wazi kuwa sura yake itakaa kando ya maneno "saratani ya mapafu". Idhini ya jumla haitoshi, kwa sababu jirani akiliona bango hataamini kwamba ni mwigizaji.