Paji la Mzee

Amri ilitoka kwa binti yake. Nalisema hili mapema ili lawama zijue mlango wa kubisha.

Alikuja studio yangu pale Mwembe Tayari, buibui la bei, miwani ya jua mkononi, akanieleza kwamba babake amestaafu bandarini zamani, alikuwa dereva wa kreni, na mpaka leo hana picha moja ya maana. Alitaka kubwa, inchi 20 kwa 30, ya kutundikwa sebuleni kwake Nyali.

"Akitoka hapo kwako awe hana doa," akasema. "Hata moja. Nataka wageni wakiingia waulize, huyu nani?"

Wageni hawakupata nafasi ya kuuliza. Alouliza ni mzee mwenyewe.

Siku ya kupigwa alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali, kofia ya viua, na juu yake joho jeusi la nyuzi za dhahabu. Joho hilo si lake. Aliliazima kwa jirani, na jirani kesho yake alikuwa anapanda basi nalo kwenda harusini Lamu. Likumbukeni hilo joho. Binti naye alimleta mpambaji wake wa maharusi, na kabla sijawasha taa mpambaji akashampaka mzee poda paji zima, eti asing'are. Mzee akapiga chafya, akaleta istighfari, akakaa. Nikapiga. Mashavu yamebonyea vizuri, ndevu nyeupe zimechongwa, macho ya mtu aliyezoea kutazama makontena kutoka juu. Mtu wa namna hii ukimharibu basi hujui kazi.

Na mimi kazi naijua. Wasioijua hudhani Photoshop ni kitufe, unabonyeza na mtu anakuwa mzuri. Hii programu aliianza Thomas Knoll kule Marekani mwaka 1987, nduguye John akamshika mkono, ikaingia sokoni 1990, na hayo matabaka tunayopanga moja juu ya jingine hayakuwepo mpaka 1994. Ile brashi ya kuponya ngozi, ambayo ndiyo iliyonitia mashakani, ilikuja 2002. Unashika kitufe cha Alt, unabonyeza mahali ngozi ni safi, kisha unapitisha brashi kwenye doa. Inachukua vinyweleo na vitundu vya ngozi pale pasafi, inachanganya na rangi na mwanga wa pale penye doa, na doa linaondoka bila kuaga. Nikitoka hapo huitenga picha mara mbili: tabaka la mikunjo peke yake, tabaka la rangi peke yake, ili nilainishe rangi bila kumfanya mtu aonekane amefinyangwa.

Sisi mafundi tuna kanuni yetu. Kinachopona kwa wiki mbili, chunusi au alama ya wembe, kifute. Atakachozikwa nacho mtu, uliza kwanza. Mimi niliuliza! Pale katikati ya paji palikuwa na kitu cha kijivu, upana wa kidole gumba, na kwa ile poda sikujua ni uchafu, ni jeraha au ni kivuli cha kofia. Nikamtumia binti ujumbe wa WhatsApp: dada, hili la paji nilifanyeje? Akajibu yuko saluni, kichwa ki chini ya mashine. "Doa ni doa kaka, toa." Ujumbe ninao mpaka leo, sijaufuta na sitaufuta.

Picha ikaenda Nyali ndani ya fremu ya dhahabu. Pesa ikaingia kwa M-Pesa. Nikalala.

Asubuhi nafungua duka, tuktuk ikasimama mlangoni. Kiti cha nyuma kimekaliwa na picha. Mzee na wenzake wawili wa baraza wamebanana pembeni, mmoja mguu uko nje.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, mzee. Karibuni."

Wakaisimamisha picha juu ya kaunta. Mzee akainyooshea bakora.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Mimi? Basi nionyeshe sijida yangu iko wapi."

Nikatazama picha, nikamtazama yeye. Bila poda, kwa mwanga wa asubuhi, sijida, lile sugu la kusujudu, ilikuwa pale pale katikati, nyeusi kabisa, kila mtu wa Majengo aijua. Kwenye picha paji limenyooka kama sakafu ya benki.

"Miaka arubaini naliweka paji hili kwenye mkeka," akasema. "Stima ziwepo zisiwepo, mvua inyeshe isinyeshe. Wewe umeitoa kwa nini?"

"Kwa brashi, mzee."

"Brashi!" Akawageukia wenzake. "Mwasikia? Miaka arubaini, kwa brashi."

Mwenzake wa kwanza, mrefu mwenye tasbihi, akasema alama hiyo imetajwa katika Sura ya Fat-hi, aya ya mwisho, kwa hivyo si jambo la kuchezewa na vijana wa kompyuta. Wa pili, mfupi, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, akakohoa. Akasema wako wanazuoni walioifasiri aya ile kuwa ni nuru ya uso na unyenyekevu, si sugu la ngozi. Mrefu akamuuliza amesoma wapi. Mfupi akataja chuo. Wakashikana hapo hapo mbele ya kaunta, nami nikaanza kuona mlango wa kutokea.

"Na nuru ndiyo hiyo, mzee," nikadakia. "Tazama ilivyo."

"Hiyo ni nuru ya taa yako," mzee akanijibu. "Mimi nataka yangu."

Nikafungua faili ya asili. Haikunisaidia kitu, maana poda ilikuwa imeizima sijida na mwanga wa flashi ukamalizia. Basi nikashika brashi ya kutia giza, nikaanza kuichora upya, wazee watatu wamesimama nyuma ya kiti changu, pumzi za tangawizi na kahawa zinanipiga shingoni.

"Hiyo hafifu," akasema mrefu. "Hiyo ya mtu wa Ijumaa na Idi."

Nikaongeza.

"Ah-ah, ah-ah!" Mzee akanishika bega. "Umezidisha sasa. Hiyo mtu amekesha maisha yake yote. Usinizidishie mwanangu, nitaulizwa mimi huko, si wewe."

Nikapunguza. Mrefu akasema iende kushoto, kwa sababu mwenzao ana goti bovu na akisujudu huinama upande. Mzee akakataa katakata kwamba huinama upande. Akavuliwa kofia. Rula yangu ya kukatia picha za pasipoti ikachukuliwa bila ruhusa, paji likapimwa kutoka nyusi hii na kutoka nyusi ile, na ikathibitika kwamba huinama upande.

Nikaomba picha yoyote ya zamani niige. Mzee akatoa kitambulisho. Loo! Kijana ana afro imepita ukingo wa picha, kola ya shati imefika mabegani, na paji halina hata kivuli. Mrefu akakisogeza karibu na macho.

"Yakhe, hii miaka arubaini waihesabu kuanzia lini?"

"Rudisha kitambulisho changu."

Dawa ilikuwa kumpiga upya, ila joho liko Lamu, na mzee hakubali kutundikwa ukutani bila joho ilhali binti ashawatumia picha jamaa wote wa Maskati. Hapo ndipo nikawaambia: nipeni paji tu. Joho tunalo tayari, ndevu tunazo, tunachotafuta ni vidole vitatu vya ngozi.

Mzee akanawa uso, akakaa kwenye kigoda. Taa niliirudisha upande ule ule na kimo kile kile, kwa sababu paji likipata mwanga wa kulia na pua ina kivuli cha kulia, hata mtoto atajua umeshona. Nikasogeza lenzi mpaka fremu nzima ikawa paji. Kwa karibu namna ile uliona kila kitu: mistari mitatu ya mikunjo, ya katikati imekatika, na katikati ya mkatiko sijida yenyewe, ukingo wake umechanika, na ndani ina vijistari vidogo vya kupishana. Ulikuwa msuko wa mkeka. Hilo brashi yangu isingeliweza kulichora abadan.

"Mzee, usitabasamu. Napiga paji tu."

"Nikinuna litakunjana."

Alikuwa na haki. Nikampiga akitabasamu.

Kazi iliyobaki ilikuwa fupi. Nikakikata kipande, nikakiweka tabaka la juu, nikazifuta kingo polepole, nikalinganisha rangi. Mzee akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akaweka kidole kimoja juu ya picha na kingine juu ya paji lake, akapapasa pote pawili. Akatikisa kichwa kwamba sawa.

Binti hakukubali. Alipiga simu akasema kwake Nyali ile safi haiondoki, imeshapendwa. Basi nikachapa mbili na nikalipwa mbili, sikulalamika. Ile yenye sijida iko Majengo kwa mzee, juu ya redio. Nasikia akienda Nyali kula biriani huchagua kiti kinachoipa mgongo ile nyingine.

Jioni moja nafunga duka, nikaona kofia imesimama kizani karibu na mashine ya kutolea kopi. Ni yule mzee mfupi, yuko peke yake. Akauliza hali yangu, akauliza mama yangu, akauliza bei ya karatasi siku hizi. Kisha akachungulia nje, kushoto na kulia.

"Kile kipande cha paji la mwenzangu," akasema, "bado unacho ndani ya kompyuta?"

"Kipo, mzee."

Akaisukuma kofia nyuma. Paji safi, halina alama hata ya mbu.

"Si kubwa," akaninong'oneza. "Ya kuanzia tu."